Wa kwanza ni nani?

Katika gazeti letu tumezoea kutoa somo moja juu ya mambo yanayotukuta katika maisha ya masomo. Safari hii tunataka kusema juu ya ugonjwa ambao hauna homa wala kikohozi, lakini hakuna kalasi isiyoujua, kuanzia wadogo wa kalasi ya saba mpaka wakubwa wanaongojea diploma. Ni ugonjwa wa kutaka kuwa wa kwanza siku zote na katika kila kitu. Hatusemi juu ya kutaka kujua, wala juu ya kufanya kazi kwa bidii. Hayo ni mazuri, na mwalimu yeyote atatukasirikia tukiyagusa. Tunasema juu ya ile njaa ya kuona jina la mtu mwingine chini ya jina lako.

Mgonjwa anajulikana siku ile mwalimu anaporudisha makaratasi ya entero. Yeye hatazami kwanza ile sentensi iliyopigwa mstari mwekundu. Anageuka upande na kuuliza: "Weye umepata ngapi?" Akisikia 14 naye ana 15, amepona mpaka entero ingine. Akisikia 16, chakula cha saa sita hakipiti kooni. Na zile pointi tano alizopoteza yeye mwenyewe zinabaki pale kwenye karatasi, hakuna aliyezitazama. Juma lijalo atazipoteza tena.

Mwenzake akilala na malaria juma zima, kisha akaja kuomba kaye ya kemia, anajibiwa: "Niliiacha nyumbani." Kesho yake: "Mdogo wangu aliimwagia maji." Asubuhi ya mtihani mgonjwa wetu anasimama mlangoni na kutangaza kwa sauti: "Miye sikusoma hata kidogo, jana umeme ulikatika." Kumbe alikesha na taa mpaka saa nane ya usiku. Maneno yale ni ujanja wa kujikinga. Akishindwa, sababu iko tayari. Akishinda, watu waseme kwamba ana akili ya ajabu, anapita hata bila kusoma. Tumesikia hotuba hiyo mlangoni mara nyingi sana, na bado kuna wanaoiamini.

Ugonjwa hautoki nje ya kalasi tu, unafika mpaka kwaya. Mtu aliyeimba sauti ya tena miaka mitatu anaacha kuja mazoezini kwa sababu solo imepewa mwingine. Katika mpira yuko anayetaka kupiga kila penalti. Na yuko yule ambaye mbele ya kuchagua opsioni hajiulizi "ninapenda nini?" wala "nchi ina lazima na nini?" Anahesabu wenzake wanaokwenda huko, na kama wenye akili wameenda upande mmoja yeye anakwenda upande wa pili, apate kuwa jogoo peke yake.

Wazazi wetu nao, tuseme kwa heshima, wanaupalilia. Mtoto analeta buletini. Amepata 73%, nafasi ya 3. Papa anaisoma mpaka chini, anakohoa, anasema: "Ni vizuri. Na wa kwanza ni nani?" Anatajiwa jina. "Huyo ana vichwa viwili? Anakula nini ambacho weye haukuli?" Papa hataki kumuumiza mtoto, anataka kumpa nguvu. Lakini mtoto ameelewa jambo moja tu, kwamba 73% zake si kitu mpaka zimeshinda za mtoto wa jirani.

Basi tuichunguze hiyo nafasi, kama vile tunavyochunguza kitu katika somo la fizikia. Nafasi inapima nini? Chukua mwanafunzi mwenye 71%. Katika kalasi moja ni wa 6. Mpeleke katika kalasi ingine ambako mwenye kuongoza ana 64%, mara moja amekuwa wa kwanza, na hakuna neno moja zaidi lililoingia kichwani mwake njiani. Tena, tuseme papa wa yule wa kwanza amehamishwa kazi, familia yote inakwenda mji mwingine katikati ya mwaka. Wa pili anaamka asubuhi akiwa wa kwanza! Je, amejifunza nini usiku ule? Asilimia zinasema, tena kwa shida, kiasi gani cha somo umeshika. Nafasi inasema tu ni nani alikaa karibu yako mwaka huo. Wala haiandiki popote kwamba binti fulani alichota maji mara tatu mbele ya jua kutoka na kuwapeleka wadogo wake masomoni, kisha akaja kufanya mtihani uleule wa mwenzake aliyeamshwa na chai.

Hatutaki kudanganya watu. Kuna mahali ambapo nafasi ni chache kweli. Bourse ikiwa moja na waombaji ni 30, mmoja ataipata na 29 wataikosa. Mbio za mita 100 haziwezi kuwa na washindi wanane. Pale ushindani ni wa haki, na mtu akimbie kwa nguvu zake zote. Shida ni kwamba mgonjwa wetu anachukua sheria ya mbio na kuipeleka hata mahali ambapo hakuna mbio, kwenye kaye, kwenye urafiki, na hata kwenye maombi, ambako anashindana kwa urefu.

Habari ya wana wa Zebedayo walioomba viti vya kuume na kushoto, sisi wote tunaijua tangu darasa la Jumapili. Kwa hiyo tutachukua mfano mwingine, kutoka upande wa sayansi, ambako watu wanafikiri kwamba kuwa wa kwanza ndiyo kila kitu. Ni habari ya Waingereza wawili, Charles Darwin na Alfred Russel Wallace. Wale wa biolojia wanalijua jina la kwanza. Jina la pili wengi hawalijui, na hapo ndipo tunapotaka kuanzia. Mabishano juu ya somo lenyewe la mageuzi ya viumbe hatutayafungua hapa, mwalimu wa biolojia na mwalimu wa dini wapo, na milango yao iko wazi. Tunatazama tu namna watu hawa wawili walivyotendeana.

Wallace alizaliwa mwaka 1823. Nyumbani pesa ziliisha, akaacha masomo alipokaribia miaka 14. Alifanya kazi ya kupima mashamba, kisha akawa mwalimu kwa muda mfupi, na wakati wote akisoma vitabu na kukusanya wadudu. Mwaka 1848 alikwenda Amazon, Amerika ya Kusini, kukusanya wanyama na wadudu wa kuuza kwa makumbusho na kwa matajiri wa Ulaya. Alikaa miaka minne. Wakati wa kurudi, mwezi wa nane 1852, meli yake iliungua katikati ya bahari. Mikusanyo aliyokuwa anasafiri nayo na daftari zake karibu zote zikaenda na moto. Yeye na mabaharia walikaa siku 10 katika mashua ndogo mbele ya kuokolewa. Mtu mwingine angefungua duka. Yeye, mwaka 1854, alisafiri tena, safari hii kwenda visiwa ambavyo leo ni Indonesia na Malaysia, akazunguka huko miaka minane na kukusanya vielelezo zaidi ya 125.000.

Mwanzoni mwa 1858, akiwa mgonjwa wa homa katika visiwa vile, alipata wazo. Viumbe wanazaa watoto wengi kuliko wanaoweza kuishi. Hakuna wawili wanaofanana sawasawa. Wale wenye namna inayofaa zaidi mahali pao ndio wanaobaki na kuzaa, na hivi, kidogo kidogo, aina zinabadilika. Homa ilipopungua aliandika wazo lile kwa siku chache tu. Kisha kutoka kisiwa cha Ternate akalituma kwa Darwin, mtu mkubwa kwake kwa umri na kwa jina, akimuomba alitazame, na akiliona la maana alionyeshe kwa Charles Lyell, mtaalamu wa mawe na ardhi.

Darwin alipokea barua ile mwezi wa sita 1858. Tujaribu kukaa katika kiti chake. Wazo lilelile alikuwa nalo tangu karibu miaka 20! Alikuwa ameandika muhtasari mwaka 1842 na karatasi ndefu zaidi mwaka 1844, lakini hakutoa kitu kwa watu. Alikuwa anaongeza mifano, anangojea, anaogopa kelele. Sasa kijana asiye na diploma, katika kisiwa cha mbali, anamletea kazi yake yote katika kurasa chache, tena anamwomba msaada. Hakuna shahidi mwingine wa barua ile ila posta. Angeweza kuiweka chini ya vitabu miezi sita, akamaliza kitabu chake, akajibu kwa ukarimu kwamba barua ilichelewa njiani. Nani angejua? Meli zilichelewa kila siku.

Aliipeleka kwa Lyell, kama alivyoombwa. Barua aliyoandika pamoja nayo inaonyesha kwamba iliuma. Hakujificha kuwa mtu aliyependa kuonekana wa kwanza, naye aliona haya juu ya jambo hilo. Afadhali kitabu chake chote kiungue, alisema, kuliko watu wafikiri kwamba alimtendea Wallace mambo madogo. Siku zile nyumbani kwake mtoto wake mchanga alikuwa anakufa na homa nyekundu, na alikufa tarehe 28 mwezi wa sita. Lyell na rafiki mwingine, Joseph Hooker, wakachukua mambo mikononi mwao. Tarehe 1 mwezi wa saba 1858 maandiko ya wote wawili yalisomwa pamoja mbele ya Linnean Society huko London. Darwin hakuwepo, alikuwa katika kilio. Wallace naye alikuwa Guinea Mpya akitafuta ndege, wala hakujua kwamba maandiko yake yanasomwa.

Hapa msomaji mwenye macho atasimama na kusema: ngoja kidogo. Maandiko ya Darwin yalisomwa kwanza na ya Wallace nyuma. Marafiki waliopanga walikuwa marafiki wa Darwin. Mwenye barua hakuulizwa. Hiyo ni haki? Sisi pia tunaona kwamba mpango ule ulikuwa na upande mmoja uliojua mengi na upande mwingine uliolala. Wallace angekuwa na maneno ya kusema.

Habari ilimfikia baada ya miezi. Mwezi wa kumi 1858 alimjibu Hooker na kumshukuru. Alimwandikia pia mama yake kwa furaha, kwamba watu wakubwa wa sayansi sasa wanaijua kazi yake. Kitabu cha Darwin kilitoka mwezi wa kumi na moja 1859. Wallace alipokipata alikisoma mara tano au sita, na kila mara alizidi kukisifu. Hakuandika kuuliza "na mimi niko ukurasa gani?" Aliona kitu ambacho mgonjwa wetu hawezi kuona. Darwin alikuwa amefanya ile kazi ya miaka mingi, mifano ya njiwa, ya mimea, ya wadudu, iliyojibu maswali mia. Wallace alijua alichokuwa nacho, alikuwa na wazo. Alijua pia alichokosa.

Na tafadhali, asidhani mtu kwamba Wallace alikuwa mtu wa kunyamaza, wa kusema ndiyo kwa kila kitu. Mwaka 1869 alitoa kitabu chake juu ya visiwa vile na kukiweka kwa heshima ya Darwin. Mwaka uleule alisema waziwazi kwamba wazo lao haliwezi kueleza akili ya mtu, na Darwin alihuzunika sana. Walibishana juu ya jambo hilo na mengine mpaka mwisho. Kuacha nafasi ya kwanza hakukumfunga mdomo. Pengine kulimfungua, kwa sababu alipobishana watu walijua kwamba habishani juu ya kiti.

Urafiki wao tunaweza kuupima kwa matendo. Wallace hakuwa na mshahara wa hakika, na pesa kidogo alizopata zilipotea katika biashara mbaya. Darwin aliandika barua huku na huku mpaka, mwaka 1881, serikali ilimpa Wallace pensheni ya pauni 200 kwa mwaka. Mwaka 1882 Darwin alipokufa, Wallace alikuwa mmoja wa wale waliosindikiza jeneza. Mwaka 1889 Wallace alitoa kitabu cha kueleza wazo lile ambalo lingeweza kuitwa kwa jina lake. Je, alikipa kichwa gani? Alikiita "Darwinism".

Sasa tumtazame mtu wa tatu. Huko Uskoti alikuwako mwenye mashamba ya matunda jina lake Patrick Matthew. Mwaka 1831, katika kitabu juu ya miti ya kutengenezea meli, aliweka wazo karibu lilelile mwishoni, katika nyongeza. Kwa tarehe aliwatangulia wote wawili kuchapa. Lakini hakulifuata, hakutafuta mifano, hakulisemea. Mwaka 1860, alipoona kelele juu ya kitabu cha Darwin, aliandika katika gazeti la wakulima wa bustani kudai haki yake. Darwin alikubali mbele ya watu wote kwamba ni kweli Matthew alitangulia, na akamtaja katika matoleo yaliyofuata ya kitabu chake. Nafikiri mambo yangeishia hapo, mtasema. Hapana. Matthew alianza kuchapa juu ya vijitabu vyake kwamba yeye ndiye mvumbuzi wa wazo lile. Alipata alichotaka, maana kweli aliwatangulia wale wawili, na hakujua la kufanya nacho isipokuwa kukiandika chini ya jina lake.

Tena kuna jambo la kuchekesha. Rais wa chama kile cha London, akitoa hotuba juu ya mwaka uliopita, alisema kwamba 1858 haukuleta uvumbuzi wowote wa kushangaza. Alikuwapo katika kikao! Watu wanaoandika nafasi, kumbe nao wanasinzia.

Tarehe 1 mwezi wa saba 1908, miaka 50 baada ya kusomwa kwa maandiko yale, chama kilimpa Wallace medali ya dhahabu. Alikuwa na miaka 85. Katika hotuba yake alisema kwamba sehemu ya kila mmoja ihesabiwe kwa muda aliotumia: miaka 20 kwa Darwin, juma moja kwake. Kisha akaanza kueleza jambo lililomvutia zaidi, kwa nini wazo liliwajia wao wawili. Sababu moja aliyoitaja ni kwamba wote wawili, katika ujana wao, walikuwa wanafukuza mbawakawa kama wendawazimu. Mzee wa miaka 85, medali mkononi, anasema juu ya wadudu.

Lakini swali la haki tusiliruke, maana hapa Kongo linatugusa. Mtu akiibiwa kazi yake, je, atabasamu tu na kusema "nimeacha nafasi ya kwanza"? Tuchukue habari ya profesa Jean-Jacques Muyembe Tamfum. Mwaka 1976 ugonjwa usiojulikana uliua watu Yambuku, katika Ekwatea. Yeye alitumwa kutoka Kinshasa, akagusa wagonjwa na kuchukua damu bila glavu. Alirudi Kinshasa pamoja na mtawa mgonjwa, na damu ya mtawa huyo ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji. Ndiyo iliyosaidia kujulikana kwa virusi vya Ebola. Kwa miaka mingi vitabu na magazeti mengi yalisimulia uvumbuzi ule kama kazi ya watu wa Ulaya na Marekani tu. Hiyo haikuwa kweli, na mambo yasiyo kweli yanapaswa kusahihishwa. Profesa mwenyewe amelisema waziwazi. Kusema ukweli juu ya kazi iliyofanyika si ugonjwa ule tunaoueleza hapa.

Hatuwezi kusema yaliyokuwa moyoni mwake miaka ile yote, lakini kazi inaonekana. Mwaka 1995, Ebola ilipotokea Kikwit, yeye na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona. Watu 7 kati yao waliishi. Wengi Ulaya hawakuamini kwamba ni damu ile iliyowaponya. Baadaye, kutoka damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, yeye pamoja na watafiti wa Marekani walipata dawa. Ilijaribiwa pamoja na zingine huku mashariki mwa nchi yetu kuanzia 2018, wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, na mwaka 2019 ilionekana kuwa moja ya mbili zilizookoa watu wengi zaidi. Mwaka 2020 Marekani iliipa ruhusa. Angengojea kwanza vitabu viandike jina lake juu, mbele ya kurudi kazini, miaka 40 ingepita bure, na wagonjwa wa Beni na Butembo wasingekuwa na dawa ile.

Turudi katika kalasi zetu, hasa kwa wakubwa wa kalasi ya mwisho. Mtihani wa Serikali, ule tunaoita Egzeta, unahesabu asilimia, hauhesabu nafasi. Anayefika 50% anapata diploma yake. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kalasi ya watu 40 itoe diploma 15 tu. Wote 40 wakifika, wote 40 wanapita. Basi yule aliyeficha kaye ya kemia amepata faida gani? Hakuna hata pointi moja iliyotoka kwa mwenzake ikaja kwake. Amepoteza hata kitu, maana ile kanuni ambayo angemwelezea mwenzake, pengine angegundua kwamba yeye mwenyewe aliikariri bila kuielewa. Kila mtu aliyejaribu kueleza ekwasio ya kemia kwa mtu mwenye maswali magumu anajua jambo hili. Kwenye mstari wa tatu mwenzako anauliza "kwa nini?", na weye unaanza kujikuna kichwa. Pale umepata mwalimu wa bure.

Kuna wanaotuambia: "Nikiacha kutaka nafasi ya kwanza, nitalala." Inawezekana, kwa juma la kwanza. Mtu aliyekuwa anasukumwa na fimbo, fimbo ikiondolewa anakaa chini kidogo. Lakini aangalie basi somo lipi anarudi kulifungua bila kusukumwa. Huyo Wallace hakuna aliyempa pointi kwa mbawakawa wake. Na yule anayesema kwamba hakuna somo hata moja analorudia kwa hiari, afadhali alijue hilo leo, akiwa bado na walimu wa kumsaidia, kuliko kulijua chuo kikuu ambako wale wa kwanza wa masomo yote ya mkoa wamekutana katika kalasi moja, na mmoja tu kati yao ataendelea kuwa wa kwanza. Wengi wanavunjika pale. Walijifunza kushinda kalasi ya watu 40, hawakujifunza kukaa na kitabu.

Kwa wale wanaotaka kujaribu, njia ni ndogo ndogo. Karatasi ya entero ikirudi, kaa nayo dakika kumi mbele ya kuuliza mtu yeyote amepata ngapi. Andika upya kila jibu lililokatwa. Ukishinda, usitangaze kwamba hukusoma. Ukishindwa na mwenzako katika hesabu, mwendee umuulize alipitia njia gani. Mwanzoni inachoma, hatukatai, hasa kama mwenzako ni mdogo kwako au ni yule mliyegombana naye juu ya benchi. Katika kwaya, imba sauti ya tena yako mpaka solo isikike vizuri.

Juu ya makundi ya kusoma pamoja, walimu wamekubali tutumie vyumba viwili saa ya alasiri mpaka mitihani ianze. Watu wanne wanne wanatosha, kumi ni soko. Kila kundi liwe na mtu mmoja aliye na nguvu katika hesabu, mwingine katika Kifaransa, na asiwe yuleyule. Anayeeleza leo, kesho ataelezwa. Na juu ya kaye, tuelewane vizuri: ikitoka Jumatatu irudi Jumatano, safi, bila mafuta ya mandazi, kwa sababu mwenye kaye naye anataka kusoma.